Ndama Asiye na Kovu

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Lushebere, huko Masisi, Mutesi alikuwa na kazi tatu. Kwanza alifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa nyasi kavu mpaka kinukie vizuri. Pili alikishikilia wakati baba yake, Papa Bisengimana, akikamua. Tatu aliketi kwenye mkeka, akaweka mapajani kibuyu kikubwa chenye maziwa ya jana, akakisukasuka huku na huku kwa mikono miwili mpaka siagi ijitenge. Hapo tu ndipo alipovaa sweta yake ya kijani na kukimbia shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa sita wa shule ya msingi, na mtihani wa mwisho ulikuwa unamngoja mwezi wa sita.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu. Zamani walikuwa kumi na mmoja, lakini vita vilipita kwao mara mbili, na kila vilipopita viliondoka na ng'ombe. Akabaki Bihogo, jike mwekundu wa kukoza, pembe ndefu, macho ya upole. Naye alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Akizaa jike," Papa Bisengimana alipenda kusema huku akikamua, "tutaanza tena."

"Na akizaa dume, Papa?"

"Akizaa dume, nitakuuliza wewe juu ya nini uliniombea mabaya."

Mama Emérita, mama yake Mutesi, alikuwa akicheka jikoni kila aliposikia hayo. Ulikuwa utani wa kila siku, kama salamu.

Chini ya malisho yao palikuwa na shamba la maharagwe la jirani, Papa Esdras. Maharagwe ya huko hupanda juu, kwa hiyo kila shina lina mti wake: ufito mrefu wa mkaratusi uliochongwa ncha ili uingie ardhini. Kati ya malisho na shamba kulikuwa na ua wa miti hiyo hiyo ya mkaratusi, iliyofungwa kwa senyenge yenye miiba. Baba hao wawili walizozana juu ya ua huo kila msimu. Huyu alisema ng'ombe wako amekula majani yangu, yule alisema jembe lako limekula malisho yangu. Halafu Jumapili waliketi benchi moja kanisani. Gentille, binti wa Papa Esdras, alikuwa ameketi dawati moja na Mutesi tangu mwaka wa kwanza.

Kazi ya nne ya Mutesi ilikuwa baada ya shule: kumchunga Bihogo kwa kamba. Papa alikuwa na neno moja tu juu ya kazi hiyo.

"Kamba isitoke mukononi. Usimufunge kwenye ua hata dakika moja. Akiona majani ya maharagwe ataruka."

"Nimesikia, Papa."

Alikuwa amesikia. Lakini Jumatano moja ya mwezi wa kumi wasichana walikuwa wakiruka kamba karibu na bomba la maji, wakapungukiwa mtu mmoja, wakamwita. Gentille ndiye aliyepaza sauti zaidi: "Mutesi! Kuja! Ao umeolewa na huyo ng'ombe?" Wote wakacheka. Mutesi naye akacheka, akamfunga Bihogo kwenye mti wa ua, akashuka mbio.

Aliruka mara tatu tu. Mara ya nne akasikia mlio ambao hakuwahi kuusikia. Akaondoka bila kuaga.

Bihogo alikuwa ameruka kama Papa alivyosema. Hakuvuka. Mti mmoja wa ua ulikuwa umemwingia ubavuni, chini kidogo ya mbavu za kulia, na senyenge ilikuwa imemzunguka mguu. Mutesi alishika senyenge kwa mkono wa kulia, akavuta kwa nguvu zake zote. Miiba ilimchana kiganja kutoka chini ya kidole kidogo mpaka kwenye kidole gumba. Hakuhisi. Mti ulikatika, Bihogo akaanguka upande wao wa malisho, damu ikatoka kama maji ya bomba. Mutesi akaokota kile kipande cha mti akakitupa korongoni.

Papa Bisengimana alifika akihema.

"Nani amefanya hivi?"

Mutesi aliangalia ua. Akaangalia kamba iliyokuwa bado imefungwa pale, akasogea mbele yake ili isionekane. Kule chini kabisa ya shamba, Papa Esdras alikuwa ameinama peke yake akisimika upya miti ya maharagwe iliyolala.

Mutesi akakunja ngumi ili kiganja kisionekane.

"Ni Papa Esdras," akasema. "Bihogo alikula majani kidogo tu. Akamuchoma na muti wa maharagwe."

Neno likishatoka mdomoni halirudi ndani. Alilisikia likiondoka.

Daktari wa mifugo, Papa Barthélemy, alikuja kwa pikipiki yake kabla jua halijateremka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezungumza na ng'ombe zaidi ya watu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akalisafisha tundu lile kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, akaingiza vidole taratibu. Kisha akavitoa.

"Mti umefika kwenye mfuko wa uzazi," akasema. "Nimemgusa ndama. Ni mkubwa kama paka, hana hata nywele. Ana mkato kwenye paja, urefu wa kidole changu."

"Atakufa?" Papa Bisengimana aliuliza.

"Atatoka kesho ao kesho kutwa. Sijawahi kuona mimba inayobaki baada ya hapa. Ndama simshoni, nyuzi zangu ni chache. Nitashona mfuko, halafu ubavu wa mama. Mengine ni ya Mungu."

Alitoa ubavuni vipande vitatu vya mti wa mkaratusi, akaviweka kwenye jani la mgomba. Papa Bisengimana alichukua kimoja akakigeuza.

"Muti wa maharagwe," akasema.

"Mti ni mti, Bisengimana. Sijaona jina juu yake."

Lakini Papa Bisengimana hakuwa akisikiliza tena.

Asubuhi iliyofuata wachungaji tisa wa kilima kile, Papa Bisengimana akiwa mbele, walishuka na fimbo. Hawakumpiga mtu. Waling'oa miti ya maharagwe, mstari kwa mstari, wakaitupa rundo moja, wakaiwasha. Maharagwe yalikuwa na maua meupe. Papa Esdras alisimama mlangoni pake mikono imelegea. Mkewe alipotaka kutoka, alimzuia kwa bega. Gentille ndiye aliyetoka akikimbia hadi pale walipokuwa watu wazima.

"Ni uongo! Mutesi alikuwa anaruka kamba na sisi! Alimuonea wapi papa yangu?"

Watu wakamgeukia Mutesi. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ngumi ndani ya mkono wa sweta.

"Nilikuwa nimerudi," akasema. "Nilirudi nikamuona."

Nani angemwamini binti wa mtu anayeshtakiwa? Siku hiyo Gentille alihamisha vitabu vyake dawati la nyuma.

Ngumi ile sasa ikawa na kazi yake: kuficha. Mtu yeyote wa Masisi akiona mkato wa senyenge anaujua, maana miiba yake huchana kwa kuruka, shimo na mstari, shimo na mstari. Mutesi alijua kwamba akifungua mkono, maneno yake yote yataanguka kupitia hapo.

Akatafuta dawa peke yake. Kwenye boriti ya jiko palikuwa na kopo la Papa, mchanganyiko ambao wafugaji wengi wa kule huwa nao: siagi ya zamani, masizi ya kibuyu na matone ya dawa ya kupe. Papa alikuwa akiupaka ng'ombe kwenye vidonda vidogo. Mutesi akawaza, kama unaponya ngozi ngumu ya ng'ombe, utashindwaje na ngozi yangu? Akachota kwa kidole, akapaka. Iliunguza hadi machozi yakamtoka. Akasema moyoni kwamba hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Akafunga kitambaa, akakunja vidole juu yake, na kila siku aliongeza.

Mezani, ugali ulipokuja, alichota kwa mkono wa kushoto.

"Juu ya nini unakula na kushoto?" Mama Emérita aliuliza. "Nani alikufundisha hiyo adabu?"

"Niko na kipele, Mama."

"Onyesha."

"Kinapona. Ukikigusa kitapasuka."

Mama alimtazama, lakini siku zile macho ya nyumba yote yalikuwa kwa Bihogo. Ndama hakutoka kesho yake, wala kesho kutwa. Ila ubavu wa mama ulivimba ukawa kama mtungi, ukawa na joto, ukaanza kutoa usaha. Papa Barthélemy aliporudi alinusa tu, akauliza: "Nani amepaka kitu hapa?"

Papa Bisengimana akaleta kopo. Papa Barthélemy alilishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya.

"Sumu ya kupe juu ya nyama iliyo wazi! Bisengimana, nilishona nguo safi, wewe umeitia moto."

"Baba yangu alitumia hiyo."

"Na ng'ombe wa baba yako walikuwa na makovu mangapi?"

Mutesi alisikia yote hayo akiwa mlangoni. Moyo ulimwambia nenda, fungua mkono, sasa hivi. Akachukua hatua moja. Kisha akaona kule ng'ambo shamba jeusi lililoungua, akarudi ndani. Uongo wake ulikuwa umekuwa mkubwa kuliko yeye.

Siku ya kumi na saba, katikati ya somo la hesabu, ubao ulianza kuyumba. Mutesi alisikia baridi, kisha joto, kisha sakafu. Alipofumbua macho, aliyemwinamia alikuwa Gentille, amekunja pua.

"Mukono wako unanuka," Gentille akasema. Hakukuwa na dharau katika sauti yake, ilikuwa hofu tupu. Akamkunjua mkono wa sweta. Ngumi ilikuwa nyekundu na imevimba, na mstari mwekundu ulikuwa ukipanda kuelekea kwenye kiwiko. "Fungula."

"Haifunguke," Mutesi akasema, na hapo ndipo alipogundua kuwa ni kweli.

Nyumba iliyokuwa karibu na shule kuliko zote ilikuwa ya Papa Esdras. Gentille alikimbia kumwita, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwita. Papa Esdras alifika, akamtazama mtoto wa adui yake, akambeba mgongoni. Alishuka naye njia ya matope hadi kituo cha afya, mwendo wa saa nzima. Mutesi alilaza shavu kwenye shati lake lililokuwa bado na harufu ya moshi.

Papa Bisengimana na Mama Emérita walifika mbio. Papa Bisengimana alisimama ghafla alipomwona Papa Esdras amekaa kwenye benchi.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nilibeba mutoto," Papa Esdras akajibu. "Sikubeba kesi."

Muuguzi, Mama Constance, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kukata. Aliloweka ngumi kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka kitambaa kikaachia, akaanza kunyoosha kidole kimoja kimoja. Mutesi alipiga kelele zilizosikika barabarani.

"Sasa sikiliza, mutoto. Ni nini ilikukata? Kisu, kioo, ao chuma ya kutu? Sindano inafuata jibu lako. Ukinidanganya, unaweza kukauka mwili wote kama ubao, ufe ukiwa na akili yako timamu. Niliona watoto wawili mwaka jana."

Mutesi alimtazama baba yake. Akamtazama Papa Esdras mlangoni, na Gentille nyuma yake.

"Senyenge," akasema.

"Senyenge ya wapi?"

"Ya ua wetu. Nilimufunga Bihogo pale nikaenda kuruka kamba. Aliruka, muti ukamuingia. Papa Esdras hakufanya kitu. Hakufanya kitu hata kidogo."

Hakuna aliyempigia kelele. Angependa wampigie. Papa Bisengimana aliketi chini, sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa kofia yake. Mama Constance alichukua sindano kama mtu aliyesikia tu jibu alilokuwa akilihitaji.

Mutesi hakufa. Sindano na vidonge vilishusha homa, na ule mstari mwekundu ukarudi nyuma. Lakini kidonda kilipofunga, kilifunga vibaya. Katikati ya kiganja pakaota kovu nene, gumu, linalong'aa, likavuta kidole kidogo na kile cha jirani yake kuelekea ndani. Kila Ijumaa Mama Constance alivinyoosha, na kila Ijumaa vilirudi.

"Vitafunguka lini?" Mutesi aliuliza mara ya nne.

Mama Constance aliachia mkono. "Sitakudanganya, wewe pia usidanganye tena mtu. Mpasuaji wa kufungua kovu kama hii yuko Goma. Unajua barabara ilivyo. Hapa kwetu, vidole hivi viwili ndivyo vitabaki hivi."

Papa Bisengimana naye alikuwa na safari yake. Alishuka kwa Papa Esdras akiwa amevaa koti la Jumapili, Mutesi nyuma yake. Walimkuta akifunga magodoro kwa kamba.

"Esdras, nimekuja."

"Nakuona."

"Mutoto alidanganya. Na mimi sikuuliza mara ya pili."

"Hukuuliza hata mara moja, Bisengimana. Ulikuja tu."

"Nitasimika miti yote. Mimi mwenyewe, na wale wenzangu. Nitarudisha."

Papa Esdras alikaza fundo. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Utarudisha nini? Maharagwe ilikuwa na maua. Hakuna mavuno, na watoto watakula nini mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu? Niko na ndugu Walikale. Huko porini kuna muhogo."

Mutesi alisogea mbele. Alikuwa amejifunza maneno njiani, sasa yote yalikuwa yamepotea. "Papa Esdras, unisamehe."

"Nimekusamehe, mutoto wangu," Papa Esdras akasema, na akarudi kwenye magodoro yake.

Gentille alikuwa ameketi juu ya sufuria iliyogeuzwa. Mutesi akampa daftari lake jipya, lile la mtihani. Gentille alilipokea, akalifungua, akaliona tupu.

"Juu ya nini hukusema siku ile ile?" akauliza. "Tungekucheka kidogo tu. Kisha ingeisha."

Papa Esdras na jamaa yake walipanda pikipiki mbili na mizigo yao kesho yake, wakapotea kwenye kona ya barabara ya Masisi mjini. Nyumba ilibaki imefungwa kwa waya.

Miezi ikapita. Ubavu wa Bihogo nao ulifunga, ukaacha kovu kubwa kama kamba iliyosokotwa, lisiloota nywele. Na ndama, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, hakutoka. Mwezi wa tatu, mchana mmoja wa mvua nyembamba, Bihogo akalala malishoni akaanza kusukuma. Papa Barthélemy aliitwa. Alivuta miguu miwili ya mbele, kichwa kikafuata, na mwili wote ukateleza kwenye nyasi, mwekundu na wenye mvuke.

Papa Bisengimana aliinua mkia, akatazama.

"Dume," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ule utani haukuwa na mahali tena katika nyumba ile.

Papa Barthélemy alikuwa amepiga magoti, akipapasa paja la kulia la ndama, halafu la kushoto, halafu tena la kulia. Alivua miwani akaifuta.

"Mutesi, wewe una macho mazuri. Kuja hapa. Nilimgusa ndani kwa kidole hiki, alikuwa amechanika hapa. Tafuta kovu."

Mutesi alipapasa kwa mkono wa kushoto, kisha kwa ule wa kulia wenye vidole viwili vilivyokunjamana. Nywele zilikuwa laini, zimelala upande mmoja. Ngozi chini yake ilikuwa nzima kama maziwa kwenye bakuli.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kitu. Shuleni kwetu mwalimu alitusomea juu ya hili, sikuamini. Walichunguza wana-kondoo wakiwa bado tumboni. Mmoja akikatwa mapema, kabla hajaota manyoya, ngozi yake hufunga bila alama. Unajua sababu?"

"Sijui, Papa."

"Mwili wa aliyezaliwa ukikatwa huita askari. Damu hujaa, panavimba, panapata joto, panauma. Huo ndio moto wa kidonda, na tunauhitaji, maana unachoma uchafu. Lakini askari wanaojua kupigana hawajui kufuma. Wakimaliza vita wanaziba tundu kwa kamba nene, na hilo ndilo kovu. Vita ikirefuka, kamba inanenepa. Huyu ndama alikuwa mchanga mno, mwili wake ulikuwa haujajifunza kuwasha moto mkubwa. Kwa hiyo haukupigana na mtu, ulifuma tu, uzi kwa uzi, kama ngozi ilivyokuwa mwanzo."

"Na kama angekuwa karibu kuzaliwa?"

"Angekuwa amejifunza moto. Angezaliwa na kovu. Na hata huyu, kama ule usaha wa ubavu wa mama yake ungeingia kwenye mfuko, moto ungewaka humo humo ndani, akatoka na kovu, ao akatoka amekufa. Uzi wangu ulishika, basi. Sikustahili bahati hiyo."

Mutesi alitazama kiganja chake. Alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelibeba tangu siku ya beseni.

"Na mimi, Papa Barthélemy? Hakuna dawa ya kunirudisha niwe kama yeye?"

Mzee yule alivaa tena miwani yake. Mvua ililowesha mabega yake.

"Wewe ulikwisha kuzaliwa, binti yangu. Sisi wote tuliozaliwa hatuponi hivyo. Kovu lilikuwa lazima ulipate." Akamshika ule mkono, akapitisha kidole juu ya kovu. "Lakini ungekuja siku ya kwanza, mkono wazi, ukasema ni senyenge, kovu lako lingekuwa uzi mwembamba, na vidole vyako vyote vitano vingenyooka. Siku kumi na saba ulikilisha kidonda sumu na giza. Na yale maneno uliyosema juu ya Esdras, nayo ni vile vile. Uliyafungia ndani yakiwa na uchafu. Ukweli ulipokuja ulikuta pameshafunga vibaya. Kidonda kioneshe siku ile ile, mtoto. Uongo uutoe siku ile ile. Baadaye utapona, ndiyo, lakini utapona umekunjamana."

Mutesi aliitika kwa kichwa. Alikuwa amemwandikia Gentille barua mbili kwa mkono wa kushoto, akawapa madereva wa malori yanayokwenda Walikale. Hakuna jibu lililorudi. Hakujua hata kama zilifika.

Bihogo alimlamba mwanawe, akaanza kichwani akashuka hadi kwenye lile paja, akapita juu yake bila kusimama.

Wiki mbili baadaye, asubuhi maziwa yalipokuwa tayari, Mutesi aliketi kwenye mkeka, akaweka kibuyu kikubwa mapajani, akaanza kukisukasuka. Kila kilipofika upande wa kulia kilimteleza. Mama Emérita alimtazama kutoka jikoni kwa muda. Kisha akafuta mikono, akaja akaketi mbele yake, akashika upande ule.

"Sukuma," akasema Mama.

Mutesi akasukuma. Siagi ilichelewa sana siku hiyo.